Lengo kuu limerudishwa: "haliko wazi" (mahindi, mifuko ya PICS na sumukuvu)

Mwanaghala ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba jicho lenu kwenye sentensi moja tu. Ni lengo kuu la andiko la utafiti wa shahada ya uzamili, upande wa sayansi ya chakula, na jopo limelirudisha na maneno matatu: "Lengo haliko wazi." Lilivyo sasa:

"Lengo kuu la utafiti huu ni kuchunguza athari za mbinu bora za uhifadhi kwenye kiwango cha sumukuvu katika mahindi ili kuboresha afya na kipato cha wakulima wadogo nchini Tanzania."

Mpango wenyewe ni huu. Kaya 60 katika vijiji vinne vya wilaya ya Kongwa, Dodoma. Kaya 30 zitapewa mifuko ya PICS (mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa), 30 zitaendelea na viroba vya kawaida. Sampuli zitachukuliwa siku ya kufunga mifuko, mwezi wa 3 na mwezi wa 6. Kipimo ni ELISA (kipimo cha maabara kinachotumia kingamwili), aflatoksini zote kwa pamoja; hizo ni aina ya sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na kuvu. Malengo mahususi yapo manne, lakini naona lengo kuu likinyooka nayo yatajipanga. Nianzie wapi?

---

BiHoja amejibu:

Mpango wako uko wazi kuliko lengo lako, na hiyo ni habari njema, maana kazi iliyobaki ni ya maneno zaidi. Isome sentensi kama mtu asiye na sura ya mbinu mkononi. Hawezi kujua kwamba kuna mifuko, kwamba kuna makundi mawili, wala utapima nini na lini. Tulipitie neno kwa neno.

"Kuchunguza." Kitenzi hiki kinabeba kila kitu, ndiyo maana hakimwambii msomaji chochote. Kazi yako ni kulinganisha, basi andika "kulinganisha". Vitenzi vya lengo vina mizigo tofauti na havibadilishani nafasi. Ukisema "kubainisha" unaahidi kuonyesha kitu kipo au hakipo, au ni kipi kati ya vingi. "Kukadiria" kunaahidi namba pamoja na upana wa makosa yake. "Kulinganisha" kunadai makundi mawili au zaidi. "Kupima uhusiano" kunadai vigeu viwili kwa kila kaya au kila sampuli. "Kuelewa" na "kufahamu" usiviweke kabisa, kwa sababu hakuna jedwali litakaloonyesha kwamba umeelewa.

"Athari." Neno hili lina matatizo mawili. Kwanza, kwa Kiswahili cha kila siku limeegemea upande wa madhara: athari za mafuriko, athari za pombe. Msomaji anaweza kudhani unatafuta ubaya wa mifuko. Pili, linadai usababisho. Dai hilo ni halali kama umegawa mifuko kwa kura. Kama kaya zimejichagulia, wenye mifuko ya PICS wanaweza kuwa ndio wanaokausha mahindi vizuri zaidi au wenye uwezo zaidi, na hapo unachoweza kuandika ni "tofauti" au "uhusiano". Hukutuambia kaya zinagawanywaje. Jopo nalo pengine limejiuliza hilohilo.

"Mbinu bora za uhifadhi." Umeandika wingi, wakati unajaribu mbinu moja. Tena umeshatoa hukumu kabla ya kupima: kama ni bora, utafiti ni wa nini? Taja kitu chenyewe, yaani mfuko wa PICS wenye tabaka mbili za plastiki ndani ya kiroba cha nje. Na utaje unachoulinganisha nacho.

"Kiwango." Hapa ndipo penye shimo kubwa. "Kiwango cha sumukuvu" kinasomeka kwa njia tatu: mikrogramu za sumu kwa kila kilo ya mahindi, asilimia ya sampuli zilizokutwa na sumu yoyote, au asilimia ya sampuli zilizovuka kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki, ambacho ni 10 µg/kg kwa aflatoksini zote na 5 µg/kg kwa B1, aina iliyo kali zaidi. Hayo ni majedwali matatu na idadi tatu tofauti za kaya zinazohitajika. Chagua moja liwe kuu.

"Sumukuvu" yenyewe ni pana mno kwako. Fumonisini nazo ni sumukuvu, na wewe huzipimi. Andika "aflatoksini".

"Ili kuboresha afya na kipato." Hupimi afya wala kipato. Hilo lihamishie kwenye umuhimu wa utafiti. Na yale ya mlipuko wa ugonjwa wa sumu ya aflatoksini Dodoma na Manyara mwaka 2016, au wa mashariki mwa Kenya mwaka 2004 uliorekodiwa wagonjwa 317 na vifo 125, mahali pake ni tamko la tatizo. Huko yana nguvu. Kwenye lengo yanachukua nafasi ya taarifa.

"Nchini Tanzania." Vijiji vinne vya Kongwa si Tanzania. Andika Kongwa.

Ukikwama, acha kuandika sentensi. Chora jedwali tupu la matokeo makuu: kwenye safu mlalo weka makundi unayolinganisha, kwenye safu wima weka kipimo pamoja na uniti yake, juu ya jedwali andika ni wapi na ni lini. Kisha lisome jedwali kwa sauti kuanzia kitenzi. Ukishindwa kulichora, tatizo halipo kwenye lugha, lipo kwenye mpango.

---

Kihenge amejibu:

Nakubaliana na BiHoja kwenye maneno, ila nina wasiwasi na mpango pia, na lengo lisiloeleweka ndilo linaloficha kasoro hizo.

Kwanza, usije ukaandika "kupunguza aflatoksini". Mfuko usiopitisha hewa hauondoi sumu iliyokwishatengenezwa. Wadudu, kuvu na nafaka yenyewe hutumia oksijeni iliyomo, hewa ukaa inapanda, na kuvu wa Aspergillus flavus wanakosa nafasi ya kuendelea kukua. Sumu iliyoingia shambani, hasa mmea ulipopata ukame wakati wa kutoa maua na kujaza punje (na Dodoma ukame si mgeni), itabaki ilivyo. Unachoweza kukiona ni tofauti ya ongezeko wakati wa uhifadhi. Kwa hiyo unahitaji kipimo cha siku ya kufunga, na lengo lizungumzie hali baada ya muda uliotajwa.

Pili, sampuli ya mwezi wa 3 itaharibu unachokipima. Ukifungua mfuko wa PICS, oksijeni inaingia. Ukitumia bambo (chuma chenye ncha cha kuchotea sampuli) kutoboa ubavuni kama wafanyabiashara wanavyofanya kwenye viroba, plastiki zote mbili zimetoboka na mfuko umeisha kazi. Njia ni mbili: uandae mfuko wa ziada kwa kila kaya utakaofunguliwa mwezi wa 3 na kuondolewa kwenye utafiti, au uache mwezi wa 3. Kwa bajeti ya mwanafunzi ningeuacha. Lengo lako litakuwa na wakati mmoja tu, mwezi wa 6, na litafupika lenyewe.

Tatu, kaya 30 kwa 30 ni ulinganisho dhaifu kwa sumu hii. Aflatoksini haienei sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia. Kaya na kaya zinatofautiana mno kwa mbegu, shamba, siku ya kuvuna na mahali pa kukaushia. Afadhali kila kaya ijaze mifuko yote miwili, PICS na kiroba, kutoka rundo moja lililochanganywa kwa koleo juu ya turubai, ujazo uleule, kilo 50 kwa 50, ikae chumba kimoja. Kura ya kuamua nusu ipi ya rundo iingie mfuko upi ipigwe palepale. Hapo neno "athari" analolihofia BiHoja linakuwa halali, ingawa bado ningeliepuka kwa ile sababu yake ya kwanza.

Unyevu uupime kwa kipima unyevu kabla ya kufunga, na mahindi yanayozidi asilimia 13.5 yarudi juani. Usiache hilo likaamuliwa kwa kung'ata punje. Sampuli iwe angalau kilo 5 kwa mfuko, ichukuliwe kwa kufungua mdomo na kushusha bambo refu juu, katikati na chini. Kilo zote 5 zisagwe kwanza, unga uchanganywe, ndipo zitolewe gramu 20 hadi 50 za kipimo. Ukitoa gramu 50 za punje nzima unacheza bahati nasibu: punje moja mbaya ikiingia matokeo yanaruka, isipoingia mfuko unaonekana safi.

---

Mwanaghala amejibu:

Nashukuru sana, hasa hilo la mwezi wa 3, sikuwa nimeliona. Nimebadili mpango: kila kaya mifuko miwili, rundo moja, kipimo siku ya kufunga na mwezi wa 6. Lengo jipya:

"Lengo kuu la utafiti huu ni kulinganisha ongezeko la aflatoksini zote (µg/kg) na asilimia ya sampuli zinazovuka 10 µg/kg pamoja na unyevu na uharibifu wa wadudu kati ya mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 na kuhifadhiwa kwa miezi sita katika mifuko ya PICS ya kilo 50 na viroba vya kawaida vya kilo 50 vilivyojazwa kutoka rundo moja lililochanganywa katika kaya 60 za vijiji vinne vya wilaya ya Kongwa kwa kutumia ELISA."

Kila kitu kimo, lakini naona imekuwa mzigo. Nipunguze nini?

---

Jedwali_Tupu amejibu:

Kabla ya kupunguza maneno, amua tokeo kuu, kwa sababu ndilo linalotoa idadi ya kaya. Sasa hivi una matokeo manne yaliyoungwa kwa "na" na "pamoja na", na jopo litakuuliza kaya 60 zimetoka wapi.

Chukua asilimia ya mifuko inayovuka 10 µg/kg, kwa mpango wako wa zamani wa makundi mawili tofauti. Ukitegemea asilimia 50 kwenye viroba na 25 kwenye PICS, kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti kama ipo) na kosa la asilimia 5 (uwezekano wa kuiona isipokuwepo), ambavyo kwa pamoja vinatoa kizidisho cha 7.84, hesabu ni 7.84 × (0.5 × 0.5 + 0.25 × 0.75) ÷ 0.25², yaani kaya 55 kwa kila kundi. Wewe ulikuwa na 30. Na kama uchafuzi ni mdogo, tuseme 30 dhidi ya 15, idadi inapanda hadi 118 kwa kila kundi. Ukibadilisha namba yenye uzito kuwa ndiyo au hapana unatupa taarifa nyingi: mfuko wenye 11 µg/kg na mfuko wenye 300 µg/kg inahesabiwa sawa.

Sasa chukua kiasi chenyewe kwa µg/kg, mifuko miwili kwa kila kaya. Aflatoksini ina mkia mrefu upande wa juu, kwa hiyo utafanya kazi na logi, na tofauti ya logi ukiirudisha inakuwa uwiano: viroba vina sumu mara ngapi ya PICS. Ukitaka kuiona tofauti ya mara mbili (logi asilia 0.693), na ukikisia mkengeuko wa tofauti za logi ni 1.5, unahitaji 7.84 × (1.5 ÷ 0.693)², kaya 37. Ongeza wale watakaopotea, tuseme asilimia 20, unafika 47. Kaya 60 zinatosha na chenji inabaki. Hiyo 1.5 usiichukue kwangu, itafute kwenye data za eneo linalofanana au ufanye majaribio madogo. Na amua mapema utafanyaje na sampuli zilizo chini ya uwezo wa kipimo kuona. Usiziandike sifuri, logi ya sifuri haipo.

Jambo jingine linalofanya malengo yaonekane wazi kwenye karatasi na kuvurugika ghalani: kaya ikifungua mfuko mwezi wa nne ikala? Kongwa mahindi yanavunwa kuanzia Mei na kuendelea, kwa hiyo miezi sita yako inaangukia Novemba hadi Januari, wakati akiba za nyumbani zinaelekea kuisha na mavuno mapya bado. Hili litatokea. Watu wa majaribio ya dawa walilazimika kuliwekea utaratibu, kwenye nyongeza ya ICH E9, mwongozo wa kimataifa wa takwimu za majaribio ya dawa, iliyokamilika mwaka 2019: pamoja na walengwa, afua, tokeo na muhtasari wa takwimu, useme pia matukio ya katikati yatachukuliwaje. Kwako maswali ni mawili. Unalinganisha mifuko *iliyobaki imefungwa* miezi sita, au mifuko *jinsi kaya zinavyoitumia kweli*? Ya kwanza inapima uwezo wa mfuko, ya pili inapima manufaa yake nyumbani. Ukichagua ya kwanza, nunua mahindi hayo kwa kaya siku ya kufunga ili yasiwe tena akiba ya chakula, kisha neno "iliyofungwa" liingie kwenye lengo. Ukichagua ya pili, usitupe mifuko iliyofunguliwa.

---

BiHoja amejibu:

Hilo la mwisho ni la msingi, na neno moja tu linalibeba. Tuseme amechagua mifuko iliyobaki imefungwa.

Kupunguza kwenyewe, kanuni ninayoitumia ni hii: neno libaki kwenye lengo ikiwa ukilibadilisha swali linabadilika. Ukiweka kromatografia, njia nyingine ya maabara, badala ya ELISA, swali ni lilelile, kwa hiyo ELISA iende kwenye mbinu. Kaya 60 zikiwa 55, swali ni lilelile, kwa hiyo namba iende kwenye sampuli. Kilo 50, vijiji vinne, turubai na kura navyo viende mbinu. Lakini kiroba kikiwa kihenge cha bati, swali limebadilika. Miezi sita ikiwa miwili, limebadilika. Aflatoksini ikiwa fumonisini, limebadilika. Hayo yanabaki.

Unyevu usiozidi 13.5 uliniumiza kichwa. Ukiuondoa, msomaji anaweza kudhani umejaribu na mahindi mabichi. Ningeandika "yaliyokaushwa" kwenye lengo, namba ikakaa kwenye vigezo vya kujumuisha.

Hili hapa:

"Lengo kuu ni kulinganisha kiasi cha aflatoksini zote (µg/kg) katika mahindi yaliyokaushwa ya wakulima wadogo wilayani Kongwa, kati ya mifuko ya PICS na viroba vya kawaida vilivyobaki vimefungwa kwa miezi sita."

Nadharia tete ndiyo inayobeba ukubwa na mwelekeo: "Baada ya miezi sita, kiasi cha aflatoksini kwenye viroba kitakuwa angalau mara mbili ya kile cha mifuko ya PICS iliyojazwa kutoka rundo lilelile." Usiyaunganishe hayo mawili. Lengo linasema utafanya nini, nadharia tete inasema unategemea kuona nini.

Malengo mahususi yasipite upana wa lengo kuu. La kwanza, kukadiria kiasi cha aflatoksini siku ya kufunga. La pili, kulinganisha ongezeko lake kati ya mifuko miwili hadi mwezi wa sita. La tatu, kulinganisha asilimia ya mifuko inayovuka 10 µg/kg, nalo liitwe la ziada waziwazi, kwa sababu idadi ya kaya haikupangwa kwa ajili yake. La nne, kupima uhusiano kati ya unyevu wa siku ya kufunga na ongezeko hilo. Uharibifu wa wadudu una uzito wake, lakini hauhusiani na lengo hili. Ukiupenda sana, upanue lengo kuu na ukubali kuutetea.

---

Shangazi_wa_Fasihi amejibu:

Naongeza upande wa fomu ya ridhaa, kwa sababu lengo hilohilo itabidi lisomwe Kongwa mbele ya mama mwenye mahindi, na hapo "aflatoksini" na "µg/kg" hazisaidii. Usilifanye liwe jingine, libadilishe maneno tu: "Tunataka kujua kama mahindi yaliyokaushwa, yakikaa miezi sita kwenye mfuko wa PICS bila kufunguliwa, yanakuwa na sumu ya kuvu kidogo kuliko yakikaa kwenye kiroba cha kawaida." Sumukuvu ni neno ambalo wengi wamelisikia redioni, lakini sema na maana yake: sumu inayotengenezwa na ukungu wa mahindi, isiyoonekana kwa macho na isiyoisha kwa kupika. Wengi huchambua punje zenye ukungu wakaamini zilizobaki ni salama kabisa, kwa hiyo hiyo "isiyoonekana" itamke wazi.

Kisha fanya jaribio dogo. Msomee mtu asiyejua utafiti wako mara moja tu, mwambie akueleze kwa maneno yake: nini kinalinganishwa na nini, kinapimwa kitu gani, baada ya muda gani, kwa mahindi ya nani. Watu watano wanatosha. Wawili wakikosea jibu lilelile, kosa ni la sentensi.

---

Mwanaghala amejibu:

Nimelisomea watu watano leo, toleo la BiHoja kama lilivyo. Nini na nini, kipimo, mahindi ya nani: wote wamepata. Kwenye muda wamegawanyika. Watatu wamesema sampuli moja mwishoni, wawili wamesema nitakuwa napima kila mara ndani ya miezi sita. Nimelisogeza hivi:

"Lengo kuu ni kulinganisha kiasi cha aflatoksini zote (µg/kg) kati ya mifuko ya PICS na viroba vya kawaida, miezi sita baada ya kufungwa bila kufunguliwa, katika mahindi yaliyokaushwa ya wakulima wadogo wilayani Kongwa."

---

Kihenge amejibu:

Sasa "aflatoksini kati ya mifuko" inasikika kama sumu iko kwenye mifuko yenyewe. Rudisha mahindi karibu na sumu, muda uache mwishoni: "...kiasi cha aflatoksini zote (µg/kg) katika mahindi yaliyokaushwa ya wakulima wadogo wilayani Kongwa, kati ya yaliyohifadhiwa kwenye mifuko ya PICS na yaliyohifadhiwa kwenye viroba vya kawaida, mifuko inapofunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita." Wasomee wale wawili tena kabla hujalipeleka kwenye jopo.